Kushiba Si Kukolea: Kufundisha Umumunyifu kwa Jasi ya Makanya

Walimu wenzangu wa kemia,

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu tofauti kati ya mmumunyo ulioshiba na mmumunyo uliokolea, na mara nyingi atakujibu kwamba ni kitu kimoja. Simlaumu. Tumemfundisha kwa chumvi ya mezani, na chumvi huificha tofauti hiyo. Gramu 100 za maji ya kawaida hupokea karibu gramu 36 za chumvi kabla ya kukataa zaidi, kwa hiyo maji ya chumvi yanaposhiba yanakuwa pia yamekolea sana. Mtoto huona mambo mawili yakifika pamoja, akayafanya moja.

Hapa Same tunacho kitu kinachoyatenganisha, nacho ni jasi ya Makanya.

Malori yanayoibeba tunapishana nayo barabarani, na wengi wa wanafunzi wetu wanajua kwamba inakwenda viwanda vya saruji, ambako husagwa pamoja na klinka ili saruji isigande upesi mno mikononi mwa fundi. Wasichoambiwa darasani ni kwa nini madini haya yapo tambarare na si kule juu Chome. Huko juu, kilele cha Shengena kina mita zaidi ya 2,400 na msitu wake hunyeshewa vizuri. Makanya iko chini, kwenye kivuli cha mvua, penye jua kali na mvua chache. Maji yanayopita kwenye miamba na udongo hubeba kalsiamu na salfeti kwa kiasi kidogo ambacho ulimi hautambui. Yakifika mahali ambapo jua huyakausha haraka kuliko mvua inavyoyajaza, maji huondoka na vilivyomo hubaki. Ukolezo hupanda siku hadi siku mpaka ugonge kikomo cha umumunyifu, na kuanzia hapo fuwele hujitenga. Ndivyo jasi hujengeka katika nchi kavu. Na kwa kuwa mvua ni chache, hakuna maji ya kutosha kuimumunyisha tena na kuipeleka baharini.

Sasa tazameni kikomo chenyewe. Lita moja ya maji kwenye nyuzi 25 za Selsiasi hupokea karibu gramu 2.5 tu za jasi. Uzito wa moli moja ya jasi, yaani kalsiamu salfeti pamoja na maji yaliyofungwa kwenye fuwele zake, ni gramu 172, hivyo ukolezo ni takriban moli 0.0145 kwa lita. Lita moja ya maji ya chumvi yaliyoshiba ina takriban moli 5.4. Mimumunyo yote miwili imeshiba, lakini mmoja umeuzidi mwingine ukolezo kwa zaidi ya mara 350. Kisha mwoneshe mwanafunzi kinyume chake: kilo moja ya sukari ndani ya lita moja ya maji. Ni sharubati nzito kabisa, lakini haijashiba, maana maji hayo yangeweza kupokea karibu kilo mbili. Umumunyifu unatuambia mpaka uko wapi. Ukolezo unatuambia tumesimama wapi. Mwanafunzi aliyeshika bonge la jasi mkononi halisahau hilo kwa urahisi.

Jaribio lenyewe halihitaji maabara ya gharama. Twanga jasi, weka vijiko viwili au vitatu katika lita moja na nusu ya maji ya mvua, tikisa mara kwa mara, acha ilale usiku kucha. Lazima unga ubaki chini, kwa sababu ndio ushahidi kwamba maji yameshiba. Chuja, pima lita moja, kausha, pima uzito wa kilichobaki. Nasisitiza lita nzima: mililita 100 zitakupa robo gramu, na mizani nyingi za shule haziwezi kuisoma robo gramu kwa uhakika. Mwisho wa ukaushaji ufanyike juani, si motoni. Jasi ikipashwa zaidi ya nyuzi 100 huanza kupoteza maji ya fuwele na kugeuka plasta, na gramu 2.5 zako zitashuka kuelekea 2.1 bila wewe kumwaga chochote. Shule iliyo mbali na Makanya itumie chaki, kwani chaki nyingi za ubaoni ni jasi, ingawa vikorombwezo vya kiwandani vitaharibu vipimo kidogo.

Jambo la joto nalo liguswe. Wanafunzi wengi huamini kila kitu humumunyika zaidi maji yakichemka. Umumunyifu wa chumvi hauongezeki sana kwa joto, na ule wa jasi hufikia kilele karibu na nyuzi 40 kisha hushuka.

Sasa nije jikoni, maana huku Upareni somo hili huliwa kila siku. Maharage ya makande yakichemshwa kwa maji yenye kalsiamu nyingi huchelewa kuiva, kwa sababu kalsiamu hukaza pektini inayoshikilia seli za ganda na za punje. Mama zetu hutia magadi. Magadi ni sodiamu kaboneti na ndugu yake haidrojenikaboneti, na kaboneti ikikutana na kalsiamu huzaa kalsiamu kaboneti, ambayo umumunyifu wake ni kama miligramu 14 tu kwa lita. Kikomo hiki kiko chini ya kile cha jasi kwa zaidi ya mara 150, hivyo kalsiamu hulazimika kutoka majini. Mimina maji ya magadi ndani ya maji ya jasi yaliyochujwa: mimumunyo miwili myangavu itageuka maziwa mbele ya darasa, na baada ya muda mashapo meupe yatatua chini. Magadi pia huyafanya maji kuwa na ubesi, na ubesi huo hulainisha maharage, kwa hiyo tusiseme kalsiamu ndiyo sababu pekee.

Hapo hapo kuna jambo ambalo ni wajibu wetu kulisema. Magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa mara nyingi huja na floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kwa moli, hiyo ni takriban 0.00008 kwa lita. Sodiamu floraidi humumunyika hadi karibu gramu 40 kwa lita, hivyo maji yenye kiasi hicho yako chini ya kikomo cha kushiba kwa zaidi ya mara 10,000. Ni maangavu, hayana mashapo wala ladha ya kumshtua mnywaji. Lakini ukolezo ukizidi hapo kwa miaka ya utotoni, meno huota yakiwa na madoa ya kahawia, na ukipanda zaidi kwa muda mrefu mifupa nayo huumia. Mwanafunzi anayepima usalama wa maji kwa macho yuko hatarini, na hesabu ya miligramu kwa lita ndiyo itakayomkinga.

Ninapendekeza kazi moja ya pamoja. Maji ya jasi yaliyoshiba yazimuliwe hadi nusu, robo na, ikiwezekana, thumuni, na kila kiwango kijaribiwe kwa kuhesabu matone ya maji ya sabuni yanayotakiwa mpaka povu lidumu dakika moja. Darasa litachora grafu yake lenyewe. Kisha shule za milimani, kuanzia Chome hadi Mamba, zichote maji ya mifereji na ya ndiva, yale mabwawa yetu ya umwagiliaji. Za tambarare zichote ya visima. Tubadilishane chupa, na kila darasa lisome ugumu wa maji ya wenzao kutoka kwenye grafu hiyo. Grafu haitapima floraidi, kwa hiyo sampuli moja ya kila kisima iende maabara ya maji. Jasi nitaileta mimi. Naomba kabla hatujaondoka tukubaliane ni shule ipi ya milimani itachota kwanza, na sote tuchote kabla mvua za vuli hazijaanza, wakati maji ya visima yamekolea zaidi.