Kiendeshi cha Diski na Wakaguzi Wake

Fungueni daftari zenu. Leo tuna neno moja jipya, nalo ni kiendeshi.

Kila kompyuta ina chombo cha kuhifadhia maandishi, na chombo hicho huitwa diski. Hata simu ya mfukoni inacho chombo cha namna hiyo. Picha za watoto wako, hesabu za duka lako, majina ya wagonjwa wa zahanati, yote hukaa humo. Lakini diski hufuata amri zake maalumu tu: soma mahali fulani, andika mahali fulani. Programu inayotoa amri hizo ndiyo kiendeshi. Mafundi wengi husema dreva, wala si yule wa basi, ingawa huyu naye akikosea mizigo ya watu hupotea.

Viendeshi hukaa ndani ya programu kubwa inayotawala mashine nzima, iitwayo kiini. Kiini mashuhuri ni Linux. Alikianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini. Alipotangaza habari zake alisema huenda kisifae kamwe ila kwa diski za aina moja, maana yeye alikuwa na hiyo tu. Leo Linux imo katika simu za Android. Imewezekanaje? Ni programu huria, yaani kila mtu ana ruhusa ya kuisoma na kuirekebisha. Wenye diski nyingine waliandika viendeshi vyake wakavileta. Mwaka 2012, kwa mfano, toleo la 3.3 lilipokea kiendeshi cha diski za NVMe, ambazo hazina sahani ya kuzunguka.

Sasa sikilizeni sana, maana hapa ndipo penye hatari. Unampelekea karani wa ghala magunia 10 ya mahindi. Anakuandikia hati kwamba amepokea, nawe unakwenda zako. Kumbe magunia bado yako nje, mlangoni, hajayaingiza. Mvua ikinyesha, hati unayo, mahindi huna.

Diski nyingi hufanya vivyo hivyo ili ziende upesi. Hupokea maandishi, huyaweka katika kumbukumbu ya muda, hujibu "tayari". Umeme ukikatika, yaliyo mlangoni yamekwisha. Kwa sababu hiyo iko amri ya kusema: ingiza yote ndani sasa. Kiendeshi lazima kikiarifu kiini kwamba diski hii ina kumbukumbu ya muda. Mwandishi akisahau mstari huo mmoja, kiini hudhani hakuna kitu mlangoni, wala hakipeleki amri. Majaribio yote hupita. Diski huonekana hata ina mbio zaidi! Hasara hujulikana usiku ule umeme unapokatika.

Basi mwandishi hapeleki kazi yake moja kwa moja. Huituma kwa barua pepe mahali ambapo yeyote aweza kuisoma. Wakaguzi hujibu chini ya mstari wenyewe. Diski ikichomolewa katikati ya kuandika, itakuwaje? Isipojibu, utaingoja mpaka lini? Umeme ukikatika hapa, je? Mwandishi hurekebisha, hutuma toleo la pili, la tatu, pengine la kumi. Mkaguzi akiridhika, jina lake huandikwa pamoja na kazi hiyo, likabaki katika kumbukumbu za mradi. Kisha mtunzaji wa sehemu hiyo huipokea, na mwisho humfikia Torvalds.

Wako wanaolalamika kwamba wakaguzi huchelewesha, tena wana maneno makali. Juu ya ukali wana haki. Torvalds mwenyewe aliomba radhi mwaka 2018 kwa maneno yake. Juu ya kuchelewa, mimi sikubaliani nao. Afadhali kiendeshi kingoje miezi mitatu kuliko zahanati ipoteze daftari la wagonjwa.

Kazi ya darasa ni hii. Kaeni wawili wawili. Mmoja aandike hatua za kupokea fedha za chama cha ushirika, tangu mkononi mwa mwanachama mpaka sandukuni. Mwenzake aulize katika kila mstari: taa ikizimika hapa, fedha ziko wapi, na nani anajua? Kisha aliyeandika aandike upya. Mwalimu wenu atazikusanya karatasi zote mbili, ya kwanza na ya pili. Kwaherini.