MKUBWA WA VITA ATAULIZWA NA NANI?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa machimbo na watu wa mji, hapa Kasongo



Tunataka kusema juu ya neno moja. Wakati wa vita, mkubwa wa jeshi akiamua kupiga au kurudi nyuma, nani ana haki ya kumwuliza sababu? Wako watu wanaosema: mwacheni, hayo ni mambo ya askari, raia hayamhusu. Sisi twasema yanamhusu. Lakini kuna namna ya haki ya kuuliza, na kuna namna ya kutafuta mtu wa kubebeshwa makosa ya wengine. Ili tuelewane tutachukua mfano wa vita ya ziwa Tanganyika, vita ambayo wazee wetu waliilipa kwa mabega yao.

Tarehe 22 mwezi wa nane, mwaka 1914, meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, iliipiga meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune, karibu na Lukuga, mahali tunapopaita leo Kalemie. Tangu siku ile ziwa lote, lenye urefu wa kilometa zaidi ya 600, likawa mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1915 wakaongeza meli kubwa, Graf von Götzen, iliyotoka Ulaya vipande vipande mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli na kuunganishwa Kigoma. Wakaifunga mzinga uliotoka katika manowari Königsberg, ile iliyokufa katika mto Rufiji.

Waingereza wakatuma mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kila moja urefu wake metre 12 tu. Mkubwa wao aliitwa Geoffrey Spicer-Simson. Mtu huyu alikuwa amekwisha kutiliwa shaka kwao, kwa sababu mwezi wa 11 wa mwaka 1914 meli Niger, iliyokuwa chini ya amri yake, ilizamishwa karibu na mji wa Deal, naye yuko nchi kavu. Mashua zile zilipanda reli mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na mpaka Fungurume. Huko zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashini za moshi na kwa ng'ombe. Watu wa nchi walikata njia, wakajenga madaraja zaidi ya 100. Wanawake wa vijiji walichota maji wakayabeba kichwani, ili mashini zile zisife kiu. Halafu mashua zikashuka Lualaba kutoka Bukama mpaka Kabalo, zikapanda reli tena mpaka ziwani.

Tarehe 26 mwezi wa 12, mwaka 1915, wakaikamata meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Tarehe 9 mwezi wa pili, mwaka 1916, wakaizamisha Hedwig. Basi Spicer-Simson akasifiwa sana. Lakini mara baada ya hapo Götzen yenyewe ikaonekana mbele ya Lukuga. Askari wake walikuwa tayari kutoka, yeye akakataa. Akaenda mbali mpaka Léopoldville kutafuta meli nyingine, akarudi mwezi wa tano. Wabeleji, chini ya Moulaert, walitaka wote waipige Kigoma pamoja. Akakataa tena.

Mwezi wa sita akaenda kusini kusaidia jeshi la Waingereza lililokuwa linazunguka boma la Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo. Kazi yake ilikuwa kufunga njia ya maji. Alipoona mizinga juu ya boma, akarudi nyuma mpaka Kituta. Usiku Wajerumani wakapanda mashua na mitumbwi, wakatoroka. Waingereza walipoingia bomani wakaitazama mizinga ile kwa karibu: kumbe ni ya mbao! Wakubwa wa jeshi la nchi kavu wakakasirika sana.

Na Götzen? Mwezi wa saba Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma, na Wabeleji wakaingia mjini tarehe 28. Mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwisha kuondolewa, na mahali pake pamewekwa wa mbao. Baadaye meli ile ilitolewa majini, na mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba. Spicer-Simson alirudishwa kwao mgonjwa. Walimpa nishani, Wabeleji nao wakampa ya kwao, lakini hakupewa tena meli ya kuamuru vitani.

Sasa, wandugu, tumhukumu namna gani? Ni rahisi kucheka na kusema: mwoga huyu, alikimbia mti! Lakini haki yataka tuulize kwanza: siku ile, mahali pale alipokuwa, aliweza kujua nini? Mwezi wa pili, mbele ya Götzen, mashua zake zilikuwa za mbao, na risasi moja ya mzinga mkubwa ingezivunja. Hapo kukataa kwake kunaweza kuelezwa. Pale Bismarckburg jambo ni lingine. Hakulazimishwa kulipiga boma, alitakiwa kulinda njia. Angeweza kukaa mbali, mahali mzinga usipofika, na kuangalia maji usiku. Kwa hiyo hatumlaumu kwa kutojua kwamba mzinga ni mti. Twamwuliza kwa nini aliacha mlango wazi.

Swali la pili: nani alitoa amri, na amri ilikuwa wazi? Hapa tutazame kidogo mbali na ziwa letu. Mwezi wa nane, mwaka 1914, katika bahari ya Mediterania, admirali Mwingereza Troubridge alikuwa na meli nne za vita, akaiacha Goeben ya Wajerumani ipite, kwa sababu mizinga yake ilikuwa na nguvu kupita ya kwake. Akashitakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Akaonyesha amri iliyotoka London, kwa waziri Churchill, iliyokataza kupigana na jeshi lenye nguvu zaidi. Waziri alisema alifikiri jeshi jingine, la Austria; lakini karatasi haikusema hivyo. Mahakama ikamwacha huru, hata hivyo hakupewa tena meli.

Admirali mwenzake, Cradock, aliisikia habari ile, naye hakutaka aibu ya namna ile. Tarehe 1 mwezi wa 11, mwaka 1914, karibu na Chile, akaingia vitani na meli dhaifu. Meli mbili zilizama, pamoja na yeye na watu karibu 1,600. Mmoja alirudi nyuma akashitakiwa. Mwingine alikwenda mbele akafa na watu wake. Ndiyo maana twasema: kuuliza kwa haraka, kwa hasira tu, kwaweza kuua kama risasi. Mkubwa anayeogopa magazeti ya mjini kuliko adui ataamua vibaya.

Na zamani zaidi, mwaka 1757, Waingereza walimpiga risasi admirali wao Byng juu ya meli, kwa sababu hakuiokoa Minorca. Lakini ni serikali iliyompa meli chache na mbovu. Walimwua mtu mmoja, na wale waliomtuma wakapata kujificha nyuma ya kaburi lake.

Sisi makarani twalijua jambo hili. Shimo likiporomoka machimboni, anayeitwa kwanza ni kapita. Sawa, aitwe, ajibu. Lakini nani aliyesema tuchimbe hata mvua ikinyesha? Nani aliyepunguza miti ya kushikilia udongo? Daftari linajua. Ukitafuta ukweli, fuata sahihi toka chini mpaka juu, usisimame kwa kapita.

Swali la tatu ndilo kubwa kwetu: nani anayeuliza, na anauliza kwa ajili ya nani? Waingereza walikuwa na Bunge na mahakama. Mtu aliyepoteza meli alijua ataitwa. Wabeleji wakati ule nchi yao ilishikwa na Wajerumani, serikali yao ilikaa Ufaransa, na Bunge lao halikukutana. Na Mkongo? Hakuwa na kura, hakuwa na mjumbe. Katika vita ile ya mashariki, iliyofika Tabora mwezi wa tisa, mwaka 1916, walichukuliwa wapagazi zaidi ya 200,000. Wengi walikufa kwa njaa, kwa kuhara, kwa baridi ya milimani. Njia ya Kasongo na Kabambare kwenda ziwani ni njia ya zamani ya misafara, na watu wa Maniema wanaujua uzito wa mzigo. Kwa mashua mbili na mzinga wa mti, vitabu vizima vimeandikwa. Lakini mpagazi aliyeanguka njiani hakuwa na mtu wa kusimama Bungeni na kusema: fulani, mwana wa fulani, alikufa kwa amri ya nani?

Tusidhani ni habari za zamani tu. Mwaka 2025 Goma ilianguka mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili. Maafisa wakubwa wa jeshi na wa polisi waliitwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa shitaka la kukimbia. Hapa mjini wengine walitaka wahukumiwe siku ile ile. Wengine walisema tunyamaze. Hatukubali hili wala lile. Tuulize yale matatu: mkubwa yule alijua nini siku ile? Amri ilitoka kwa nani, na chakula na mshahara wa askari vilifika? Na raia waliobaki nyuma, nani aliwafikiri?

Anayepewa watu mkononi atatoa hesabu ya watu, kama sisi tunavyotoa hesabu ya mawe. Anayetoa hesabu akiwa peke yake, na aliyemtuma amefichwa, hesabu yake haijatimia. Hilo tulidai kwa wakubwa wa jeshi, kwa wakubwa wa machimbo, na kwa wale tunaowachagua wenyewe. Wao kwanza.