Nani Anamkagua Mwenye Kampuni?

Msikilizaji, huenda hujanunua hisa hata moja maishani. Lakini mfuko wako wa pensheni hununua, kwa hiyo swali la nani anamkagua mwenye kampuni linakugusa.

Chukua kisa cha Parmalat, kampuni ya maziwa ya Italia. Familia ya Tanzi ilimiliki takriban asilimia 51. Desemba 2003 ikabainika kwamba akaunti iliyodaiwa kuwa na karibu euro bilioni 4 katika Bank of America haikuwepo. Barua ya kuithibitisha ilikuwa ya kughushi. Karatasi moja tu! Wakaguzi wa nje waliipokea. Na wale wa ndani? Walichaguliwa kwa kura za mwenye hisa nyingi.

Sasa tugeukie upande wa pili. Mmiliki mkubwa ana uchungu na mali yake, humfuatilia meneja kwa karibu. Kampuni ya Enron ya Marekani, yenye wanahisa waliotawanyika bila mmiliki wa aina hiyo, ilikuwa na kamati ya ukaguzi, tena ikiongozwa na profesa wa uhasibu, ikaanguka 2001. Kwa hiyo kuwa na kamati tu hakutoshi; kwa maoni yangu, tuulize kwanza nani anawateua wajumbe wake.

Je, mwenye hisa nyingi azuiwe kabisa kupiga kura wajumbe hao wanapochaguliwa?