Pua ya Motokaa: Somo la Redio kwa Darasa la Jibondo

Natumaini mmeketi vizuri, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Mwalimu wenu amekwisha andika neno la leo ubaoni. Neno lenyewe ni CHUJIO. Lisomeni pamoja: chu-ji-o. Vizuri sana. Leo tutazungumza juu ya chujio la hewa la motokaa, ambalo mafundi wengi huliita filta.

Huenda mzee mmoja hapo nyuma anajiuliza, "Sisi ni watu wa mashua. Motokaa inatuhusu nini?" Inatuhusu, mzee wangu. Samaki akishushwa Utende, hufika Kilindoni kwa gari. Na mgonjwa anayevushwa usiku kwenda hospitali ya Kilindoni, naye anahitaji gari lisilozimika njiani.

Basi tuseme watu sita wamechanga fedha zao za samaki. Wamenunua motokaa kuukuu, ya miaka zaidi ya ishirini, ya kwenda Utende na Kilindoni. Sanduku la chujio lake limepasuka. Mmoja wao ameona dukani bomba jipya la bei nafuu. Linang'aa, na mwisho wake lina chujio la umbo la pia. Mwenye duka anasema kwamba gari litapata nguvu mpya. Je, walinunue? Fedha ni za watu sita. Tufikiri pamoja.

Kwanza tujue kwamba injini hupumua. Ili kuchoma lita moja ya petroli, injini huvuta hewa kiasi cha lita 9,000. Hewa hiyo ingejaza mapipa makubwa 45, yale ya lita 200. Yote hupita katika pua moja. Nayo njia huweza kuwa na vumbi na mchanga. Mchanga ukiingia ndani, husaga pistoni na ringi zake kama msasa unavyosugua ubao. Mwisho injini hula oili, hutoa moshi, na nguvu hupungua. Kuitengeneza upya ni gharama kubwa sana. Kwa hiyo kazi ya chujio ni hii: hewa ipite, vumbi libaki nje.

Sasa, maneno ya mwenye duka ni kweli au si kweli? Yana ukweli kidogo. Chujio lililojaa vumbi huinyima injini pumzi. Injini ya dizeli hutoa moshi mweusi. Ukitia chujio safi, nguvu hurudi. Lakini nguvu hiyo hurudi hata kwa chujio la karatasi la kawaida. Katika gari kuukuu, lile bomba huongeza nguvu kidogo tu. Kelele ndiyo huongezeka zaidi. Tena, chujio lililo wazi chini ya boneti huvuta hewa ya moto kutoka kwenye injini. Hewa ya moto ni nyepesi, na injini haiipendi. Ndiyo sababu watengenezaji waliliweka chujio ndani ya sanduku, na mdomo wake wakauelekeza penye hewa baridi.

Shauri langu ni hili. Kwanza watafute sanduku la asili, hata kama limetumika, mradi ni zima. Walitie karatasi mpya. Sanduku likikosekana kabisa, basi walinunue bomba. Bei nafuu si kosa. Kosa ni kulifunga vibaya.

Hapa ninyi watu wa Jibondo mnaweza kunifundisha mimi. Fundi wa mashua hutia pamba katika mishono ya mbao, akapiga kalafati. Kwa nini? Kwa sababu mbao ziwe nzuri namna gani, mshono ukivuja chombo hujaa maji. Bomba la hewa ni vivyo hivyo. Tundu dogo baina ya chujio na injini huingiza vumbi ambalo halikuchujwa. Hapo chujio zuri halina faida tena.

Sikilizeni mpango wa kazi. Mwalimu atausoma tena baadaye.

1. Zima injini, uiache ipoe. Fungua waya wa hasi wa betri.

2. Fungua sanduku la zamani. Skrubu zake zitie katika kikopo, zihesabu. Sanduku usilitupe.

3. Ziba mdomo wa injini kwa kitambaa safi, nati isije ikaanguka ndani. Ukimaliza, ukumbuke kukitoa kitambaa.

4. Pima bomba kabla ya kukaza. Lisiguse feni, wala mkanda, wala bomba la moshi. Boneti ifunge vizuri.

5. Tazama kama gari lina kipimo cha hewa chenye waya. Magari mengi ya petroli ya tangu miaka ya 1990 yanacho. Bomba lisilo na nafasi ya kipimo hicho halifai.

6. Rudisha kila mpira mdogo ulioungwa na bomba la zamani. Usiuache mmoja ukining'inia wazi.

7. Mdomo wa kuvutia hewa usikae chini karibu na magurudumu. Injini ikivuta maji ya dimbwi, pistoni haiwezi kuyabana kama hewa, na fimbo yake huweza kupinda. Injini imekufa.

8. Kaza klipu zote, lakini usikaze hata ukakata mpira. Rudisha waya wa betri, washa injini, usikilize. Ukisikia mluzi penye maungio, kuna tundu.

Sasa jaribio la mwisho. Baada ya gari kutembea siku chache, zima injini, fungua bomba upande wa injini. Futa ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka cheupe, kazi ni njema. Kikitoka na vumbi, mshono unavuja, au chujio lenyewe ni bovu. Gari lisitembee tena mpaka litengenezwe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Neno moja juu ya usafi. Chujio la karatasi halioshwi; likichafuka sana hubadilishwa. Chujio la kitambaa au sponji huoshwa kwa sabuni na maji matamu. Najua thamani ya maji matamu Jibondo, ambako kwa miaka mingi yaliletwa kwa vyombo kutoka nje ya kisiwa. Hata hivyo maji ya bahari hayafai hapa, maana chumvi hubaki ndani na hula chuma. Maji ya mvua yanatosha. Likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Kama ni lile la kupakwa mafuta, lipakwe kidogo tu. Yakizidi huchafua kile kipimo cha hewa. Na wakati linakauka, gari lisiwashwe bila chujio, hata kwa safari fupi.

Basi wale watu sita wafanye nini? Wasimwulize mwenye duka peke yake. Wakiulize kitambaa cheupe. Kitambaa hakina duka wala hakina bei.

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.

MASWALI YA DARASA

1. Chujio la hewa lina kazi gani?
2. Kwa nini mdomo wa hewa usikae chini?
3. Kalafati ya mashua na klipu za bomba zimefanana kwa jambo gani?
4. Andika sentensi mbili kumshauri mwenzako anayetaka kununua bomba jipya.