Uwanja ukifungwa, kundi lisifungwe

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, Butembo



Komite ilituomba sisi tunaotembea vijijini tuseme juu ya jambo moja: kundi likivunjika, linajengwa tena namna gani? Sababu ya kuuliza tunaijua sote. Kuko wanamemba waliorudi upande wa Oicha na Mbau, wakalima, wakaanza kuchuma kakao yao, kisha wakakimbia tena. Kuko wengine ambao wangali hapa mjini kwa jamaa, wanangoja. Na kuko wale waliotoka upande wa Kanyabayonga tangu Juni 2024. Katika mikutano miwili iliyopita sauti moja ilisikika sana: tugawane pesa yote, tufunge daftari, kila mtu aende na chake, na siku amani itafika tutaanza upya.

Leo mtapiga kura juu ya neno hilo. Sisi hatuna kura. Lakini tuko na mfano wa kuwapa kabla hamjainua mikono.

Mfano wenyewe unatoka katika mchezo ambao wengi hapa hawajauona hata siku moja: hoki ya barafu. Tunajua mtacheka. Barafu sisi tunaiona juu ya Ruwenzori, asubuhi ambayo mawingu yametoka, ama ndani ya kisanduku cha muuza jus pale sokoni. Lakini kuko nchi ambazo watu wanaicheza juu yake. Wanavaa viatu vyenye kisu cha chuma chini, wanashika fimbo iliyopinda, na wanakimbiza kidude cheusi cha mpira, bapa kama kifuniko cha kopo, mpaka kiingie golini. Kila upande watu sita, pamoja na kipa. Uwanja wa kawaida una mita 60 kwa 30, wote barafu. Mwendo ni wa kasi kuliko chukudu inayoshuka mlima bila breki.

Sasa msifikiri ni mambo ya wazungu tu. Hapa jirani, Nairobi, kuko timu ya hoki ya barafu inayoitwa Ice Lions, yaani Simba wa Barafu. Kiwanja chao kiko ndani ya hoteli, Panari, kwenye barabara ya Mombasa. Barafu hiyo ilifunguliwa mwaka 2005, na mashine ndizo zinaitengeneza, maana jua la Nairobi haliachi kitu. Ni kiwanja kidogo kuliko kile cha kawaida. Wageni toka Kanada na Marekani waliokuwa wakifanya kazi Nairobi walikuwa wakicheza pale. Vijana Wakenya, wengi wao waliozoea kuteleza barabarani na viatu vya magurudumu, wakaingia pamoja nao. Wakajifunza. Wakawa timu.

Timu gani hiyo? Timu ambayo haikuwa na mpinzani. Katika Kenya nzima hapakuwa na timu nyingine ya kupambana nayo. Vifaa vilikuwa vichache, vya kugawana. Juma kwa juma walijigawa wao kwa wao, nusu huku na nusu kule, wakacheza. Mtu wa akili angeweza kuwauliza: mnajitayarishia nani?

Mwaka 2018 jibu likaja. Kampuni moja ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwasikia, ikawachukua wachezaji 12 mpaka Toronto. Huko wakapewa vifaa kamili, wakaingia kwenye uwanja mkubwa, na kwa mara ya kwanza wakacheza na timu nyingine, timu ya wazima-moto. Ndani ya chumba cha kuvalia wakakuta watu wawili wanawangoja, wamevaa jezi ya Kenya: Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao katika mchezo huo ni sawa na kusema Messi na Mbappé. Wakacheza pamoja nao.

Watu wengi wanaposimulia habari hii wanaishia hapo, kwa sababu ni tamu. Kwetu sisi habari inaanza hapo. Maana walirudi Nairobi, na mwaka 2020 korona ikafika. Kiwanja kikafungwa. Na kumbukeni, barafu haikuwa yao. Ilikuwa ya hoteli. Mwenye nyumba akizima mashine, barafu inakuwa maji, na wewe na fimbo yako mnabaki nje.

Sisi wa Beni na Butembo hatuhitaji kufundishwa kitu hicho. Tumefungiwa uwanja mara ngapi? Kuanzia Oktoba 2014 mauaji yalianza kufukuza watu mashambani. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020 tulikuwa na Ebola, tunanawa mikono kila mlango na kuogopa kupeana mkono na ndugu. Kabla Ebola haijaisha, korona ikawa imeingia.

Vijana wa Nairobi walifanya nini? Walirudi kwenye magurudumu. Sakafu ya saruji si barafu, mguu hautelezi vile vile, lakini fimbo ni ile ile, wenzako ni wale wale, na makosa ya kupeana pasi ni yale yale. Barafu iliporudi, hawakuanza kutafutana, walikuwa pamoja. Wakaendelea na kazi yao, na watoto wakafundishwa. Septemba 2024 Kenya ikapokelewa katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu, nchi ya tano ya Afrika, baada ya Afrika Kusini, Moroko, Aljeria na Tunisia. Na kumbukeni kwamba wakati ule wote kiwanja chao kilikuwa kile kidogo cha hoteli.

Sasa tuweke mfano wa pili kando ya huo, ili mpime. Katikati ya Uingereza kuko mji unaitwa Nottingham. Ulitaka kuanzisha timu ya hoki ya barafu mwaka 1939, vita vya dunia vikazuia. Wakangoja mpaka vita viishe, na tarehe 22 Novemba 1946 timu ikacheza mechi yake ya kwanza. Jina lake Panthers. Ikapanda mbio, ikachukua ubingwa wa ligi mwaka 1951 na tena 1954. Kisha mwaka 1960 ligi yenyewe ikafa, na klabu ikafunga mlango. Kila mtu akaenda njia yake.

Mnajua ilichukua miaka mingapi kurudi? Miaka 20. Na iliporudi mwaka 1980, haikurudi kwa wachezaji wake wa zamani. Wangetoka wapi? Waliokuwa vijana walikuwa wamezeeka. Ilibidi timu ya mji mwingine, Sheffield, ihamie Nottingham na kuvaa jina la Panthers. Fikirini: mtoto aliyezaliwa mwaka klabu ilipofungwa alifika umri wa kuoa kabla ya kuiona timu ya mji wake. Leo ni klabu kubwa. Mwaka 2000 iliingia katika uwanja mpya, na mwaka 2017 ikawa ya kwanza toka Uingereza kuchukua kombe la Ulaya. Hatudharau kazi hiyo. Lakini ile miaka 20 haikurudishwa na kombe lolote.

Wazee wetu, mama na baba, hapa ndipo neno letu liko. Timu zote mbili zilipoteza uwanja. Moja ilipoteza uwanja tu. Nyingine ilipoteza uwanja, kisha ikapoteza na watu. Ya kwanza ilikuwa tayari siku mlango ulipofunguliwa. Ya pili iliomba watu kwa jirani.

Mtatuambia: hoki ni mchezo, sisi tunasema juu ya maisha. Ni kweli. Hakuna aliyeuawa kwa kufungwa kiwanja cha Panari. Ndiyo maana tunasema hivi: kama kundi la mchezo linaumia namna hiyo kwa kutawanyika, itakuwaje kwa kundi linalozika watu, linalolipia mtoto shule, linalonunua mbegu? Sisi tunaona vijijini. Familia inayorudi peke yake inakuta jirani mpya asiyemjua, mpaka wa shamba una maneno, na hakuna wa kumtuma hospitali usiku. Familia inayorudi na watu wanane wa daftari moja inakuwa na mashahidi wanane na mikono kumi na sita ya salongo.

Juu ya sanduku tuseme wazi, maana hapa ndipo maneno yanachanganyika. Kugawana pesa mwisho wa mzunguko ni desturi ya AVEC, na likirimba nayo iko na zamu zake. Hakuna ubaya. Mtu aliyekimbia anahitaji pesa yake, na ni haki yake. Kufunga daftari ni kitu kingine. Pesa ikigawanywa na daftari likabaki, kundi liko. Pesa ikigawanywa na daftari likafungwa, tumefanya ya Nottingham ya mwaka 1960, na watoto wetu ndio watalipa.

Kwa hiyo tunaweka mbele yenu mambo matatu ya kufikiri.

La kwanza, mkutano mdogo mahali popote mlipo. Wa Butembo wakutane Butembo, wa Beni wakutane Beni, hata watano tu, hata bila pesa. Mtu ajue nani mgonjwa, nani amejifungua, nani amehama. Hayo ndiyo magurudumu yetu wakati barafu hakuna. Mchango unaweza kushuka mpaka kiasi ambacho mama anayeuza ndizi anaweza kutoa bila kulala njaa. Mfuko wa kusaidiana usikauke kabisa.

La pili, tusiweke vyote katika nyumba ya mtu mmoja. Ice Lions walitegemea mlango wa hoteli. Sisi majembe, mashine ya kunyunyizia na magunia ya mbegu tumeviweka mara nyingi katika depo moja ya kuazima. Vigawanywe sehemu mbili au tatu. Daftari nalo liandikwe mara mbili, moja likae kwa mwandishi na la pili kwa mtu wa mji mwingine. Kufuli tatu za sanduku hazisaidii kitu kama funguo zote tatu zimekimbilia njia moja.

La tatu, kurudi kusiwe kurudi vile vile. Tarehe 28 Oktoba 2023, mchezaji wa Panthers anayeitwa Adam Johnson, kijana wa miaka 29, alikatwa shingoni na kisu cha kiatu katikati ya mechi, kule Sheffield, akafa. Klabu ililia. Wiki tatu baadaye, tarehe 18 Novemba, ikarudi uwanjani kwa mechi ya kumkumbuka. Lakini kuanzia Januari 2024 ligi yao ikaweka sheria: hakuna mtu kuingia kwenye barafu bila kinga ya shingo. Walipenda mchezo wao, wakaurudia, na wakabadilisha namna ya kuuchezea. Na sisi vilevile. Tunapenda mashamba yetu. Lakini anayerudi asiende peke yake, asilale shambani kwa sababu kakao imeiva, kundi lijue nani ametoka asubuhi na nani hajafika jioni. Tuliowazika wanatudai angalau sheria hiyo.

Na kwenu wafadhili neno fupi. Zawadi ya Toronto ilikuwa na faida kwa sababu ilikuta watu ambao tayari walikuwa wakifanya mazoezi bila kuonekana na mtu. Kama ingekuta kiwanja kitupu, vifaa vile vingeishia sokoni. Mnapotuuliza ni vijiji vingapi watu wamerudi, tutawajibu. Lakini tunaomba mtuulize pia: wakati hawajaweza kurudi, kundi lingali linakutana? Nauli ya mwandishi toka Beni mpaka Butembo na daftari jipya haviwezi kupigwa picha nzuri. Ndivyo vinavyofanya mbegu zenu zikute mikono inayozingoja.

Tunajua kuna aliyechoka. Kuna mama hapa ambaye amerudi mara tatu na kukimbia mara tatu, na akisema hataki tena kusikia neno mchango, hakuna wa kumhukumu. Yeye apewe sehemu yake kwa heshima. Tunachoomba ni jina lake libaki katika daftari, ili siku atakapobisha hodi asiulizwe wewe ni nani.

Sasa Bwana Prezida ataita kura. Swali linaloulizwa ni la pesa, na juu ya pesa mtaamua ninyi. Lakini kabla ya kuinua mkono, kila mmoja atazame mtu aliyeketi kushoto kwake na aliyeketi kulia, ajiulize kama akimhitaji miaka miwili kutoka leo atajua pa kumpata.