Kukosa Kipande si Kukosa Uraia



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu mlioketi nyuma, tumeshafuturu alhamdulillah, na nimepewa dakika chache tu kabla ya Isha. Kwa hivyo sitazunguka. Nataka tuzungumze juu ya kipande.

Wewe kijana wa Makina, wa Lindi, ama wewe uliyetoka Kawangware kule Gatina, unajua mambo yanavyokwenda. Mmetoka tarawehe, mko watatu, mnatembea. Gari la polisi linasimama. Huulizwi umefanya nini. Unaulizwa, "Kitambulisho kiko wapi?" Ukisema bado hujapewa, linakuja swali la pili: "Kwani wewe ni wa wapi?" Hapo mambo yamegeuka. Ulikuwa mpita njia, sasa ni mtu anayeshukiwa kuwa nchini kinyume cha sheria. Na hilo si kosa dogo. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inasema faini hadi shilingi 500,000, ama kifungo hadi miaka 3, ama vyote viwili.

Kuna mama mmoja jirani yetu. Ramadhani kadhaa zilizopita mwanawe alishikwa Ijumaa jioni, ametumwa mkate wa futari. Alikuwa na miaka 19, ameomba kitambulisho, akaambiwa ngoja. Mama alikwenda kituoni, na jina la kituo nitaliacha, akiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Akajibiwa kuwa cheti si kitambulisho. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa, ni hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana msako wa Ijumaa jioni una uchungu wake. Kijana alilala seli hadi Jumatatu.

Jumatatu akapelekwa Mahakama ya Kibera, hakimu akampa dhamana. Tukashukuru. Lakini mdhamini aliambiwa lazima awe na kitambulisho, na mama mwenyewe hana! Aliomba tangu ujana wake, akapigwa danadana mpaka akachoka. Ikabidi tumtafute mjomba Kawangware, akafika saa tisa alasiri amekimbia. Mnaona jinsi karatasi moja inavyofunga milango miwili?

Shida hii ina historia. Kipande kiliwekwa na sheria ya mkoloni ya 1915, wanaume wa Kiafrika wakabebeshwa karatasi ya alama za vidole ndani ya kikebe cha chuma, shingoni. Ndugu zetu Wanubi, ambao babu zao waliletwa wakiwa askari wa Mwingereza na kuwekwa hapa Kibra, wajukuu wao wamekuwa wakipigwa msasa na kamati, walete stakabadhi za babu na nyanya, wakati mwenzao wa kabila jingine anachukua chake bila maswali hayo. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya waliandikishwa upya, wakapewa kadi za rangi ya waridi. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, watu kama 4,000 walishikwa, wengi Eastleigh, na wengine wakawekwa uwanja wa Kasarani wachunguzwe. Nisieleweke vibaya: Westgate ilikuwa imeshambuliwa miezi michache tu nyuma, na serikali ina wajibu wa kulinda watu. Lakini kumtafuta muuaji ni kazi moja, na kuzoa mtaa mzima ni kazi nyingine.

Walioteta hawakuteta bure. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya uraia. Februari 2025, kule Wajir, Rais Ruto alitia sahihi tangazo la kuondoa ule msasa wa ziada.

Basi ukisimamishwa, usikimbie, usitukane. Taja jina lako la kweli na uulize umeshikwa kwa kosa gani, ni haki yako kuambiwa kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza na kuzungumza na wakili. Wazazi, hakikisheni jina la mtoto limeandikwa katika kitabu cha OB, na mchukue namba yake. Mia tano za kando msitoe. Najua inauma, lakini kesho gari lile lile litarudi.

Na jirani yetu Mkongo ama Msomali mwenye kadi ya mkimbizi, huyo pia ana sheria inayomlinda, ya 2021. Akishikwa, msifunge mlango mkasema si wetu.

Jumamosi baada ya Adhuhuri tutakaa hapa hapa msikitini. Aliyefika miaka 18 aje na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, tumsaidie kujaza fomu. Nubian Rights Forum hapa Kibra wamefanya kazi hii miaka mingi, tutawauliza panapotushinda. Yule mama nimemwambia aje wa kwanza.