Pua Iliyoziba Isidharauliwe
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa Thika na Ruiru)



Leo tumekusudia kusema nanyi juu ya maradhi yanayotusumbua wengi, hasa miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti: ugonjwa wa sainasi.

Ndani ya mifupa ya uso, pajini, mashavuni na kati ya macho, mna vyumba vya hewa vyenye vijia vyembamba vya kutokea puani. Mtu akishikwa na mafua, vijia hivyo huvimba na makamasi hukwama. Vumbi la pamba, la kahawa inayokobolewa na la mbao, pamoja na dawa za kunyunyizia maua, huichokoza pua na kuongeza taabu. Hata jino bovu la juu laweza kuleta ugonjwa huu.

Dalili zake ni pua kuziba, makamasi mazito, kutosikia harufu, na uso kuuma, hasa ukiinama.

Wengi wetu hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya kuua bakteria. Hapo twatupa mshahara bure, maana sainasi nyingi huletwa na virusi, na vidonge hivyo haviviwezi. Makamasi ya kijani peke yake si ushahidi wa bakteria. Osheni pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikombe kimoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku 3. Yakizidi, pua huziba zaidi.

Siku 10 zikipita bila nafuu, au mkipata nafuu kisha mkazidiwa, nendeni kwa daktari. Jicho likivimba, au kichwa kikiuma sana na shingo ikakakamaa, msingoje hata asubuhi.

Lakini dawa itafaa nini ikiwa kila siku twarudi katika vumbi lile lile? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Ulizeni: kamati yetu iko wapi, nayo ilikutana lini? Wakiugua wengi katika chumba kimoja cha kazi, andikeni tarehe na idadi, mkampe mwakilishi wenu. Malalamiko ya mdomo husahauliwa upesi; yaliyoandikwa hujibiwa.